Kontrebasi, pedali na kobalti ya kwetu



Leo siandike juu ya kazi wala juu ya diplome zenye kulala mu valize. Nataka tuzungumuze juu ya chombo kimoja cha muziki chenye wengi wetu tunaonaka tu mu picha za zamani za Léopoldville: kontrebasi. Ni ile violo kubwa kupita mutu, yenye kamba 4 nene, yenye mupigaji anaikumbatia akiwa amesimama. Mimi naipiga tangu nilikuwa mu graduat ya pili, hapa Lubumbashi, na ulizo lenye ninasikiaka zaidi ni hili: je, inaruhusiwa kuitia pedali? Ni kusema vile vikebe vidogo vya chini ya muguu, vyenye wapiga-gitare wanatumia kwa kupasua sauti, kuizungusha, ao kuirudilisha kama mwangwi. Wazee wengi wa muziki wanajibu: hapana, pedali ni mambo ya gitare, mbao ibakie mbao. Vijana wanasema ndiyo, lakini wakijaribu, sauti inatoka mubaya, na wanaacha. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinasahau historia ya hii mambo. Na ile historia inapita mu udongo wetu, tena zaidi ya mara moja.

Tuanze na shida yenyewe. Kontrebasi iko mukubwa, lakini haina nguvu. Watu wanashangaa wakisikia vile. Sauti za chini zinaomba hewa mingi itikisike ndipo sikio lisikie, na sanduku la mbao, hata likiwa kubwa namna gani, halitoshe mbele ya tarumbeta 4 na ngoma. Mu miaka ya 1930 na 1940, mu orkestre kubwa za Marekani, mupiga-kontrebasi alikuwa anapandisha kamba zake juu, mbali na mbao, na anazivuta mupaka vidole vinatoka malengelenge. Kamba zenyewe zilikuwa za matumbo ya nyama. Na hata vile, watu wa nyuma mu sale walikuwa wanamuona tu akitokwa jasho, hawamusikie. Ukimuwekea mikrofoni mbele, inakusanya pia ngoma, tarumbeta, na kikohozi cha mutu wa kiti cha kwanza.

Mu 1946 mupiga-kontrebasi mumoja wa Marekani, Everett Hull, alifungua kampuni ndogo pamoja na fundi Stanley Michael. Wazo la Hull lilikuwa rahisi, na mimi ninalipenda mupaka leo. Kontrebasi inasimama juu ya muguu mumoja wa chuma. Ukifunga mikrofoni ndogo ku ncha ya juu ya ule muguu, inaingia ndani kabisa ya tumbo la chombo, fasi yenye ngoma na tarumbeta hazifike. Jina la Ampeg, lenye kampuni ilichukua kisha, linatoka palepale: ampli na peg, ni kusema ule muguu wa chuma. Ampeg yenye wapiga-gitare ya basi wa dunia nzima wanaijua ilianzishwa kwa ajili ya kontrebasi.

Lakini angalia huyu Hull. Alichukia sauti ya kupasuka. Alikuwa mutu wa jazi, roki haikumufurahisha hata kidogo, na ampli zake alizitaka zibakie safi hata mutu afungue kiasi gani. Kwa yeye, umeme ulikuwa na kazi moja: kubeba sauti ya mbao mbali zaidi bila kuigusa. Ile ndiyo imani ya wazee wetu pia, bila kumujua Hull. Na inaeleweka. Lakini umeme hauko punda wa kubeba tu. Mara tu sauti inaingia mu waya, iko tayari kitu kingine.

Mu 1951 Leo Fender akatosha gitare ya basi yake, ile Precision: nyepesi, inaingia mu gari, haina tumbo la kulialia mbele ya ampli. Kontrebasi ikaanza kurudi nyuma, kwanza mu muziki wa kucheza, kisha fasi zote.

Kwetu mambo yalipita hivi. Mu Cuba, vikundi vya zamani vya son vilipata sauti ya chini mu marímbula: sanduku kubwa yenye vipande vya chuma vya kuvuta na vidole, mupigaji anaikalia na mikono inashuka katikati ya miguu. Mutu yeyote wa Congo akiona picha yake anaitambua palepale. Ni likembe iliyokomaa. Ni mutoto wa likembe na ndugu zake za Afrika, aliyezaliwa na watu waliopelekwa kule mu utumwa. Mu miaka ya 1920, mu La Havane, kontrebasi ikakamata fasi ya marímbula. Kisha, kuanzia 1933, sahani za Cuba za mufululizo wa GV zikaanza kuuzishwa Afrika, na zikafika mupaka mu mitaa ya Léopoldville. Vijana wa pale wakasikia mu ile muziki kitu chenye hawakuweza kukiita kigeni. Walisikia vizuri: ule mukono wa kontrebasi ya Cuba, wa kuruka pigo la kwanza na kuanguka mbele ya wakati, ulifunzwa na chombo chenye babu yake alitoka huku.

Mu 1953 Mubelgiji Bill Alexandre, mupiga-gitare wa jazi, alikuja mu Léopoldville na studio CEFA, akaleta gitare ya umeme. Kontrebasi ilikuwa tayari mu studio, na kati ya wenye walijulikana kwa kuipiga kulikuwa Augustin Moniania, "Roitelet", mwenye alipita pia mu OK Jazz ya 1956. Ukisikiliza sahani za ile wakati, gitare inang'aa na kontrebasi iko kama mutu mwenye kusema nyuma ya mulango. Unaisikia na tumbo kuliko na masikio. Kisha uhuru, gitare ya basi ilikamata kazi yote, na kontrebasi zikabakia ku picha. Ile rumba UNESCO iliiandika ku liste yake mu Desemba 2021, na siku ile niliona watu wakituma picha za zamani ku telefone. Ninajiuliza ni wangapi waliangalia ule muzee mwenye kusimama nyuma na chombo kikubwa.

Sasa tunafika ku sehemu yenye inawashinda vijana, na hapa nitakaa kidogo, juu ndiyo ufunguo wa mambo yote.

Mu 1880, mu Paris, wandugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kama ukifinya kristali za aina fulani, zinatoa umeme kidogo. Wanaita ile piyezo. (Ndiyo, ni uleule Pierre wa radiumu. Na radiumu yenye Ubelgiji ilianza kuuzisha dunia mu 1922 ilitoka Shinkolobwe, karibu ya Likasi. Ile ni hadithi ingine, lakini mutoto wa Katanga hawezi kupita jina la Curie bila kusimama.) Karibu miaka 90 kisha, kampuni kama Barcus-Berry zilikuwa zinauzisha kapteri za piyezo za kufunga ku kile kibao chenye kubeba kamba. Kamba ikitikisika, kibao kinafinya kristali, kristali inatoa umeme, umeme unaenda ku ampli. Hakuna mikrofoni. Kwa mara ya kwanza mupiga-kontrebasi aliweza kushindana na batri ya roki.

Lakini piyezo iko na tabia moja. Iko kama mutu wa sauti ndogo sana, mwenye anaongea vizuri tu kama hakuna mwenye anamusukuma. Chombo chenye kinapokea sauti yake kisimuombe nguvu mingi. Watu wa elektroniki wanasema kiwe na impedansi ya juu. Kama iko chini, piyezo inapoteza kwanza sauti za chini. Tufanye hesabu, juu siye ni wasomi. Tuseme kapteri iko na nanofaradi 1. Ukiipeleka mu pedali ya fazi ya zamani yenye kupokea na ohm 100 000, kila kitu cha chini ya mitikisiko karibu 1 600 kwa sekonde kinaanza kukatwa. Kamba ya chini kabisa ya kontrebasi inatikisika mara 41 kwa sekonde. Unaona musiba? Hata pedali ya kisasa yenye ohm milioni 1 inaanza kukata karibu ya 160. Inaomba ohm milioni 10 ndipo ule mupaka ushuke ku 16, chini ya kamba ya mwisho, na sauti ipite nzima.

Njo maana kontrebasi ikiingia moja kwa moja mu pedali ya gitare inatoka na sauti ya nzi mu chupa. Pedali haina kosa, kontrebasi pia haina. Wanakosa tu mukalimani katikati: preampli kidogo ya ohm milioni 10, mbele ya kitu kingine chochote. Nimeona wapigaji wazuri wakisema "nilijaribu, haiwezekane" na kumbe walikosa kakebe kamoja tu.

Na pedali zenyewe? Wengi wanafikiri zilizaliwa mu mikono ya wapiga-gitare wa roki. Lakini pedali ya fazi ilitokana na sauti ya basi, na kwa bahati mubaya ya mashine. Mu Nashville, walikuwa wanarekodi wimbo wa Marty Robbins wenye ulitoka mu 1961. Grady Martin alikuwa anapiga gitare ya basi ya kamba 6, na njia moja ya mashine ya studio ikaharibika palepale. Sauti yake ikatoka imepasuka kama nguo. Wakaiacha vile. Watu wakaipenda, na mufundi wa studio, Glenn Snoddy, akatafuta namna ya kutengeneza lile haribiko kwa makusudi. Gibson ikaliuzisha mu 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, na mu mwaka uleule ikatosha gitare ya basi yenye fazi ndani yake. Kwa hiyo mutu asituambie kama kupasua sauti ya chini ni desturi ya kuiba kwa gitare. Wah-wah ilifuata mu 1966 na 1967.

Kuunganisha hizi njia mbili, ya kapteri na ya pedali, kulingoja mwanzo wa miaka ya 1970. Charlie Haden, mutu mwenye alipenda mbao kuliko kitu chochote, alipitisha kontrebasi yake mu wah-wah kwa albamu Science Fiction ya Ornette Coleman. Miroslav Vitous, kijana wa Prague mwenye alikuwa kati ya waanzishi wa kikundi Weather Report, alienda mbali zaidi: alichukua upinde, akavuta kamba, na sauti ile ndefu akaipeleka mu pedali. Kwa kusema kweli, mara nyingi mutu wa kwanza kuisikia anafikiri ni gitare ya umeme, ao ni sintetiza. Fazi inapenda sauti yenye haikatike, na upinde unatoa sauti yenye haikatike. Kidole kinatoa sauti yenye kufa haraka, na fazi ikikosa chakula inaanza kutapika. Hii ndiyo sababu, kati ya wapiga-kontrebasi wenye kutumia fazi vizuri, wengi wanaitumia wakiwa na upinde mu mukono.

Lakini mutu wangu ni mwingine.

Eberhard Weber alizaliwa mu Stuttgart mu 1940. Mwanzo wa miaka ya 1970 alipata chombo cha zamani cha Italia: kontrebasi ya umeme yenye shingo ya kawaida lakini tumbo ndogo, ya mustatili, kama kasha. Kisha akaongeza kamba ya 5, ya juu. Ile tumbo ndogo ilikuwa muhimu sana. Kontrebasi ya kawaida, ukiipandishia ampli, tumbo lake lote linaanza kutikisika na sauti ya bafle, inarudi mu kapteri, inatoka tena mu bafle, na mu sekonde mbili uko na larseni: ule mulio wenye watu wa sono wanakimbia wakifunga masikio. Chombo cha Weber kilikuwa na mbao ya kutosha kwa kupumua, lakini haikutosha kwa kulia. Fasi ile njo aliweka mwangwi na korasi.

Sikiliza The Colours of Chloë, albamu yenye ECM ilitosha mu 1974. Unatafuta fasi kontrebasi inaishia na fasi mwangwi unaanzia, hauoni. Kwa Weber pedali haikukuwa pambo la kuongeza kisha. Alikuwa anaacha mapengo mu upigaji wake kwa makusudi, juu alijua mwangwi utayajaza. Ni kusema alikuwa anapiga nusu ya wimbo, na nusu ingine alikuwa anaiachia mashine. Kisha, mu konseri zake na Mu-Norvège Jan Garbarek, alikuwa anapewa dakika za kupiga peke yake: anapiga musitari mumoja, anaiacha izunguke, anaweka mwingine juu yake, mupaka mutu mumoja anakuwa kikundi. Hata mwimbaji wa Uingereza Kate Bush alimutafuta kwa sahani zake. Mu Hounds of Love ya 1985 iko mule.

Mu 2007, mu Berlin, mbele ya konseri na Garbarek, Weber alipigwa na ugonjwa wa damu mu ubongo. Mukono wa kushoto haukurudi kazini. Kwa mupiga-kontrebasi ule ndio mukono wenye unatafuta noti. Bila wo, chombo kinakuwa meza. Kila mutu alifikiri imeisha. Lakini zile dakika za peke yake, za miaka na miaka, zilikuwa zimerekodiwa. Weber akakaa nazo, akakata, akapanga, akaongeza klaviye na mukono wenye ulibakia, akaalika Garbarek aweke saksofone juu. Mu 2012 ikatoka Résumé, na mu 2015 Encore. Mu 2015 pia, mu Stuttgart, Pat Metheny alisimama mbele ya orkestre na kupiga wimbo mukubwa wenye ulitengenezwa kuzunguka sauti na picha za Weber zilizorekodiwa, na Weber mwenyewe alikuwa pale anasikiliza. Mutu mwenye alitumia maisha yake kufunzwa kuachia mashine nusu ya wimbo, siku mwili ulimukatalia, mashine ikamuwekea yote. Nikisikiliza Résumé usiku, na courant iko, ninaona vigumu kukubali kama pedali ni kuharibu.

Kisha Weber kuko wengi. Nitamutaja mumoja tu, Mu-Suède Dan Berglund wa kikundi e.s.t., juu vijana wanaweza kumupata kirahisi ku intaneti. Kikundi cha watu watatu, piano, kontrebasi, batri, na katikati ya wimbo mutulivu kontrebasi inashika upinde na inapasuka kama gitare ya roki. Walijaza masale yenye jazi haikuzoea kujaza, mupaka Esbjörn Svensson, mwenye piano, alikufa ndani ya maji mu Juni 2008.

Kwa wenye wanataka kujaribu, mimi ninafanya hivi. Preampli ya ohm milioni 10 kwanza, kama nilivyoeleza. Kisha filtri ya kukata vitu vya chini kabisa, chini ya 35 ao 40, juu kule hakuna noti, kuko tu mutikisiko wa mbao wenye unakula nguvu ya ampli bule na unaalika larseni. Kisha ninagawanya sauti: njia moja inabakia safi, njia ingine njo inaingia mu pedali, na mwisho ninazichanganya. Fazi ikila sauti yote, chini kunabakia pengo na mucheza-ngoma anapotea. Njia safi inashikilia nyumba. Mwangwi ninauweka mwisho. Bafle isikutazame mu tumbo, iweke pembeni. Na usinunue pedali nyingi. Yangu ya mwangwi ilipita Kasumbalesa mu gunia moja na viatu, na mupaka leo ndiyo hiyo tu pamoja na fazi moja ya zamani.

Nilisema hii historia inapita mu udongo wetu, na bado sijafika fasi yenye inaniuma.

Sauti ya umeme, mwanzo na mwisho wake, mara nyingi ni sumaku. Kuko sumaku mu kapteri za gitare, kuko sumaku kubwa nyuma ya kila bafle. Tangu miaka ya 1940, sumaku nzuri zaidi zilikuwa za aliniko: aluminiumu, nikeli, na kobalti, pamoja na chuma na shaba kidogo. Mu aina yenye ilipendwa sana, karibu robo nzima ya uzito ni kobalti. Na kobalti ilitoka wapi zaidi? Huku. Union Minière, kisha Gécamines. Bafle zenye kubeba jazi ya New York na roki ya London zilikuwa na kipande cha Katanga mu mugongo. Hata mu zile pedali za kijani za Tube Screamer, zenye wapigaji wanagombania, mafundi waliweka kondansateri za tantali, na tantali njo chuma chenye kinatoka mu koltani. Wandugu wa Masisi hawahitaji nieleze zaidi.

Mu Mei 1978 waasi wa FNLC walitoka Angola wakakamata Kolwezi. Parashuti za Wafaransa zikashuka, watu wengi wakakufa, Wazungu wa migodi wakakimbia. Wazazi wetu wanaisimuliaka kama vita ya siku kidogo. Lakini mu soko la dunia, kobalti ilipanda: bei yenye wachimbaji walitangaza mwanzo wa 1978 ilikuwa imepita mara tatu mwanzo wa 1979. Watengenezaji wakubwa wa bafle, JBL na wengine, wakaona hawawezi kuendelea. Mu muda mufupi wakaacha aliniko na kuingia mu sumaku za feriti, zenye ni nzito zaidi lakini hazina kobalti. Wapenzi wa sauti za zamani wanalipa leo pesa mingi kwa bafle za "mbele ya 1978" na wanazungumuza juu ya utamu wake kama watu wa divai. Wanajua mwaka. Ni wachache wenye wanajua jina la muji. Mimi nilisoma mu Lubumbashi miaka 5, tulifundishwa bei ya shaba, tulifundishwa Gécamines, na hakuna siku hata moja yenye mutu alituambia kama Kolwezi ilibadilisha sauti ya muziki wa dunia. Bei ya kobalti inapanda na kushuka tena siku hizi juu ya betri za motokari, na ninajiuliza nini ingine inabadilika kule bila siye kupewa habari.

Mu mwaka uleule wa 1978, mu Kinshasa, mutu wa Radio France alirekodi kikundi kimoja cha Bazombo. Kiongozi wake, Mawangu Mingiedi, alikuwa na shida ileile ya Everett Hull: likembe yake haikusikika mbele ya makelele ya muji. Hakukuwa na kampuni ya kumuuzishia kapteri. Akachukua sumaku mu vyuma vya motokari za zamani, akazungushia waya, akafunga ku likembe, akapeleka sauti mu ampli na mu zile tarumbeta za kutangazia zenye ziliitwa lance-voix. Ikatoka imepasuka kabisa. Hakuitafuta ile sauti ya kupasuka, lakini ilipokuja hakuifukuza, aliijengea muziki. Dunia ilimusikia vizuri mu 2004, wakati albamu Congotronics ya Konono N°1 ilitoka, na mu 2007 Björk aliwaalika ku sahani yake. Waandishi wa Ulaya waliandika juu ya roki na elektroniki. Mingiedi alikufa mu 2015.

Kikundi kilikuwa na likembe tatu za umeme: ya juu, ya katikati, na ya basi. Ile ya basi ndiyo ninarudiliaka kusikiliza. Vipande vya chuma juu ya sanduku, sauti ya chini, fazi bila pedali. Ni ndugu ya marímbula, yenye La Havane iliiondoa kwa kuweka kontrebasi, yenye Léopoldville iliondoa kwa kuweka gitare ya basi. Niliwahi kupiga pamoja na sahani yao mu chumba, kontrebasi na fazi na upinde, na muzee wa jirani akagonga mulango kuuliza nani ameleta likembe mu nyumba.